Nadhiri ya Njia Mbili

Dumila,
Jumatano, 4 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, hujalala. Na wewe Tumwa unayemsomea, usiruke maneno.

Sisi tu wazima. Tulitoka Kilosa Jumamosi baada ya misa, watu ishirini na wanne, na hadi leo aliyerudi nyuma ni mmoja tu, mama wa Rudewa aliyevimba goti. Kiongozi wetu ni katekista Makarius. Siku ya kwanza alikusanya simu zote akazitia kwenye mfuko wa unga, akaufunga, akasema anayehiji hapigi simu, anasali, na mwenye neno aliandike. Ndiyo maana naandika kama mwanafunzi wa bweni. Barua anawapa makondakta wa mabasi yanayopita Mikumi, nao watamwachia Yassin hapo stendi kwenye cherehani yake.

Kitambaa ulichonifunga mkononi hakijalegea. Makarius alikiona akauliza. Nikamweleza kuwa ni kipande cha khanga ya marehemu mama, umenifunga mwenyewe kwa mkono wako mmoja mzima na meno, kwa sababu natembea nadhiri yako, si yangu. Akasema basi nisikiguse. Anayetembea nadhiri ya mwenzake hajifungui. Aliyefunga ndiye afunguaye, kwa mkono wake au kwa neno lake. Vijana wananitania eti nimevishwa pingu. Nacheka nao.

Malengelenge ninayo manne, kila moja nimelipa jina la mtakatifu. Wiki ijayo tutafika Mhonda, mwisho wa njia ya bara. Lori la parokia litaturudisha, nami kabla ya tarehe ishirini nitakuwa hapo Mikumi. Tumwa, najua unahesabu siku. Hata mimi nahesabu.

Mwanao,
Ditram


Mikumi,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Ditram mwanangu,

Marahaba. Nimekaa. Mdogo wako ameniegemeza kwa mito miwili, naona mwanga wa dirisha na vivuli vya malori yakipita. Zaidi ya hapo macho hayanipi kitu.

Nakupongeza kwa kufika Dumila. Sasa sikiliza. Umeandika kwamba Mhonda ni mwisho. Nani amekuambia? Mhonda ni nusu.

Mwaka 2001 mdogo wako alikuwa na miaka minne, homa ikampanda mpaka macho yakageuka. Mganga wa zahanati alifunga kabati lake la dawa. Nilitoka nje nikapiga magoti kwenye kokoto za reli, kwa sababu hapo ndipo nilipozoea kuinama. Nikasema: Mungu, niachie huyu, nami nitatembea njia zote mbili, ya bara hadi Mhonda, na ya pwani kutoka Bagamoyo hadi Pugu, safari moja, bila kupanda gurudumu. Watu huenda moja mwaka huu na nyingine mwaka mwingine. Mimi nilitamka safari moja. Asubuhi mtoto akaomba uji.

Tangu hapo nikawa nasema mwakani. Gengi letu la kutengeneza reli halikosi kazi, mara daraja, mara mataruma yameoza, mara kiberenge kimelala Kidodi. Mwakani, mwakani, miaka ishirini na tatu. Sasa miguu imechukuliwa. Daktari ataje shinikizo la damu mpaka achoke, mimi najua kwa nini.

Kati ya Mhonda na Bagamoyo hakuna njia ya hija. Wenzako watapanda gari. Wewe usipande. Pitia Mandera, kwenye misheni ya zamani, utembee mpaka uione bahari, kisha ushike ya pwani. Reli iliyokatika katikati si reli, ni vyuma tu vimelala porini.

Usiniletee nusu.

Baba yako,
Lupakisyo
(Imeandikwa na Tumwagile, kama nilivyotamka.)


Siku hiyohiyo, karatasi nyingine

Kaka,

Hii ni yangu. Baba amesinzia, nami nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, ndoo ya nguo iko mbele yangu.

Nimeandika kila neno alilotamka, na unajua anavyotamka tangu kiharusi kimpige. Maneno yanachuruzika upande mmoja wa mdomo, na mtaa mzima hakuna anayemwelewa vizuri ila mimi. Neno moja tu ndilo hutoka zima. Asubuhi nikimwamkia, shikamoo Baba, ananijibu marahaba, safi kabisa, kama zamani akitoka kazini. Siku nyingine hilo ndilo linaloniinua kuendelea na kazi.

Sasa niambie tunafanyaje. Chuo cha uuguzi Berega wanataka niripoti Jumatatu tarehe 14 Oktoba. Asiyeripoti, nafasi yake anapewa mwingine, wameandika hivyo kwa herufi nzito. Mwaka jana niliikosa kwa sababu Baba alikuwa hajaweza hata kumeza. Nina miaka ishirini na saba, Ditram. Hawatanisubiri mpaka niote mvi.

Tulikubaliana mimi na wewe. Unatembea njia ya bara, unarudi, unamwachia mtu shamba lako la kule kijijini Ulaya, unakaa naye, ndipo namwambia. Barua ya chuo iko chini ya godoro langu tangu Juni, Baba hajui. Nimemuuliza dereva mmoja anayekula hapo gesti: kutoka Mhonda mpaka baharini, kisha Pugu, hata ukitembea kama swala utafika katikati ya Oktoba. Na miguu yako si ya swala.

Mkono wangu mwenyewe umeandika kufungwa kwangu, na nukta nimeweka. Tafadhali rudi na lori.

Tumwagile


Mhonda,
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Tumwa,

Barua zenu mbili zimenikuta hapa leo asubuhi. Makarius alinipa akiwa anatabasamu, alidhani ni za mchumba.

Tumefika. Watu wamelia, wamegaagaa kanisani, mama mmoja kavua viatu akavipiga busu. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekaa nje nasoma "usiniletee nusu".

Nimemwendea Makarius, nikamweleza yote. Nikamuuliza, nikikifungua mwenyewe itakuwaje? Akasema nitakuwa nimetembea matembezi tu, kama mtu aliyekwenda sokoni. Nadhiri itabaki kwa mzee, na miguu yangu itakuwa imechoka bure. Mwenye neno ni Baba. Akisema fungua, hata kwa karatasi, imekwisha, hakuna wa kuuliza.

Nimefikiri jambo. Unayeandika barua za Baba ni wewe. Baba haoni. Ukiniandikia, kwa mwandiko huohuo, kwamba amenifungulia, mimi nitaamini. Sitakuuliza kitu mpaka naingia kaburini. Sikulazimishi. Nasema tu kwamba barua ya namna hiyo ikifika, nitapanda gari siku hiyohiyo.

Lori linaondoka kesho. Nitawaaga wenzangu na kuanza taratibu kuelekea Mandera, ili nisiwe nimevunja neno lake huku nikisubiri lako. Simu yangu inarudi Kilosa na Makarius, sitaki kuvunja na hilo. Tuma parokia ya Mandera.

Kaka yako,
Ditram


Mikumi,
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Kaka Ditram,

Hongera kwa akili. Dhambi uniachie mimi, wewe ubaki na baraka, tena upande na basi.

Nilijaribu. Ni bora ujue. Jumanne mchana nilichukua karatasi nikaandika "Ditram mwanangu, marahaba". Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, uso ameuelekeza dirishani, akanisikia kalamu. Akauliza, unamwandikia nani? Nikasema naandika orodha ya dawa. Akasema, andika na ya mgongo, unaniwasha. Nikainuka, nikamgeuza, nikampaka mafuta mgongo mzima, na karatasi ile nikawashia jiko.

Huyu mtu hana macho, hana miguu, mkono mmoja umekufa. Kitu pekee kilichobaki chake ni neno lake, na hilo linapita kwangu. Nikilichezea hilo pia, atakuwa amebaki na nini? Siwezi. Nimemchukia wiki hii mpaka nikajiogopa, lakini hilo siwezi.

Wewe ndiye unayetembea. Wewe ndiye mwenye mdomo mzima. Mwandikie Baba, mtajie Berega, mtajie tarehe, mwombe akufungulie. Nitamsomea neno kwa neno, hata lenye kunichoma.

Nyumba hii imekuwa ndogo. Dirisha la Baba limeelekea barabara kuu, na kutwa nzima natazama watu wakienda: Iringa, Mbeya, Tunduma, Zambia. Wanashuka, wananunua karanga na vitunguu, wanapanda. Hata nyani wa mbugani wanakuja mpaka hapa kwenye jalala, wakishiba wanarudi kwao. Mimi nikienda dukani narudi nakimbia.

Zimebaki siku ishirini na tano.

Tumwagile


Mandera,
Jumatatu, 30 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Niko Mandera, salama. Kipande hiki nimekitembea peke yangu kama ulivyoagiza, na gurudumu sijapanda, hata baiskeli. Mguu wa kulia uliniletea matata, wiki nzima nimelazwa hapa misheni, lakini sasa unakanyaga. Watu wa huku wananiuliza naenda wapi, nikisema Bagamoyo kisha Pugu, kwa miguu, kutoka Kilosa, wananipa maji kwanza ndipo wanacheka.

Nadhiri yako inakwenda vizuri. Kesho naendelea. Nikifika Bagamoyo nitaupumzisha mguu hapo parokiani mpaka upone kabisa, ndipo nishike ya pwani.

Mwanao,
Ditram


(Karatasi ya pili, ya Tumwagile)

Mdogo wangu,

Umeona nilichomwandikia. Umeona pia nisichomwandikia.

Nilikaa na kalamu mara tatu. Kila nikifika penye "Berega" mkono unakataa. Nilijidanganya kuwa namwogopa Baba. Acha nikuambie ukweli, kwa kuwa wewe hukunidanganya. Tangu Baba aanguke, kila nikija kulala hapo ananikoholea chumba cha pili, na nikirudi shambani bado namsikia; huku naamka asubuhi na hakuna anayekohoa. Natembea, nasalimia watu wasionijua, nakula ninapopewa. Miguu inauma lakini kichwa chepesi. Nikimwomba anifungulie naye akakubali, maana yake narudi kukaa kwenye kiti chako. Nimekiona kile kiti, Tumwa. Nimekuona ulivyokikalia miaka miwili.

Nakuonea haya. Lakini natembea.

Ditram


Mikumi,
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Ditram,

Marahaba.

Mdogo wako amenisomea karatasi zako zote mbili, ya kwangu na ya kwake. Alipomaliza ya kwangu nilidhani imekwisha, nikamsikia anafungua nyingine. Amesoma mpaka jina lako la mwisho. Kisha akaenda chini ya godoro lake akaleta barua ya chuo, akaisoma pia, na muhuri akautaja.

Sasa anadhani amenipa habari. Andika, Tumwagile. Najua umeacha, sisikii kalamu.

Barua ile naijua tangu Juni. Ulikwenda zahanati kuchukua dawa, nikamwomba Yassin aje anigeuze, akalivuta godoro lako la pembeni ili apate nafasi, akaikuta. Nikamwambia isome. Akaisoma. Nikamwambia irudishe kama ilivyokuwa, na usimwambie mtu.

Ditram, nilipokutuma Mhonda nilijua kuwa Mhonda ni nusu, sikukuambia. Ungekataa. Nilisubiri uwe umeshafungwa kitambaa na umeshakuwa mbali. Nadhiri ni ya kweli, niliitamka, Mungu ni shahidi. Lakini miaka ishirini na tatu nililala nayo vizuri tu. Niliikumbuka sawasawa siku Yassin aliponisomea tarehe ya kuripoti. Nilihesabu siku za njia zote mbili kwa mguu wa mtu mzito, nikaona zinapita tarehe hiyo. Maana wewe ukiwa njiani, huyu hawezi kuondoka.

Andika: ninaogopa. Andika hivyohivyo. Nilipoanguka uani nililala kifudifudi tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri, kuku wananipita, natoa sauti watu wanadhani ni mlevi wa kilabuni. Aliyejua kwamba ile ni sauti ya mtu anayeitwa Lupakisyo ni huyu. Akienda, nani atajua ninasema nini?

Sikufungui, Ditram. Endelea na ya pwani. Nimesema.

Baba yako,
Lupakisyo


Kaka, na Baba pia, kwa sababu haya nitayasoma kwa sauti kabla ya kufunga bahasha:

Nimeandika kila neno, mpaka yaliyonifanya niache kalamu. Hii ni barua ya mwisho kwa mkono wangu.

Jumapili ijayo, tarehe 13, naondoka na basi la Kilosa, nilale kwa shangazi, kesho yake niwe Berega. Nimezungumza na Yassin na mama Nassir, mkewe. Watakaa na Baba kwa zamu mpaka ufike, naye mama Nassir nimemfundisha kumgeuza, kumlisha na kumsikiliza. Neno asilolielewa amuulize tena. Hata mimi ndivyo nilivyojifunza, sikuzaliwa nalijua.

Kaka, uje kwa miguu, uje kwa magoti, hilo ni lako na Baba. Mimi sikusubiri tena.

Baba, ulimwomba Mungu nipone. Nimepona. Mgonjwa aliyepona huondoka kitandani.

Tumwagile


Mikumi,
Alhamisi, 17 Oktoba 2024
(Kwa Ditram Lupakisyo, ashikiwe parokia ya Bagamoyo)

Ditram mwanangu,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Yassin, kaacha cherehani yake jua la saa nne, na ananiuliza kila neno mara tatu. Nimeshamtukana mara mbili. Hakuelewa, ameandika tu kwamba nimemshukuru. (Nilielewa, mzee. Yassin.)

Mdogo wako ameondoka.

Jumapili aliamka mapema. Alinikogesha, akanivalisha shati langu la reli, lile lenye vifungo vya shaba, akaniwekea uji kwenye kikombe chenye mrija upande wa mkono mzima. Mama Nassir alikuwa ameshaingia, nasikia anapanga sufuria. Kisha Tumwagile akapiga magoti hapa kitandani, nikasikia goti likigonga sakafu. Akasema, shikamoo Baba.

Nikanyamaza.

Akasema tena, shikamoo Baba. Unajua kwamba neno la kujibu ninalo zima, halijaguswa na kiharusi. Nikaumana meno. Nilijiambia kwamba hawezi kuinuka bila kujibiwa. Hajawahi, tangu aanze kusema. Akatamka mara ya tatu, polepole, kama anayesomea mtoto. Nikageuza uso dirishani. Basi likapiga honi stendi. Alisubiri mpaka honi ya pili. Akashika begi akatoka, na mlango akaurudisha taratibu usinipigie kelele.

Leo siku ya nne. Mama Nassir ananilisha vizuri, ananigeuza vizuri, na akiniuliza mara ya pili huwa ameshanielewa. Sikufa. Nilidhani nitakufa Jumatatu. Yassin akifika asubuhi ananipa salamu ya dini yake, nami namjibu ya dini yake. Lakini neno langu lile linanikaa mdomoni kutwa, na hakuna wa kumpa. Namsikia mdogo wako anavyosema shikamoo. Mara tatu, Ditram. Hata karani wa stesheni aliyekuwa adui yangu nilimjibu.

Nimeifikiria nadhiri. Sikuomba mtoto wa kunikalia kitandani. Niliomba aishi. Nikapewa. Kisha nikakaa juu yake kwa uzito wangu wote nikisema ndiyo ibada. Nilidhani Mungu ameishika miguu yangu. Yawezekana. Lakini ya mdogo wako na yako niliishika mimi.

(Hapa amesema nisiandike kuwa analia. Yassin.)

Fungua kitambaa. Usikikate, ni khanga ya mama yenu. Shika ncha fupi uivute kuelekea kidole gumba, fundo la gengi hulegea lenyewe. Ya pwani iache. Nilimwahidi Mungu safari moja, nimempa nusu yenye hila ndani yake, na hilo nitamweleza mwenyewe, tumezoeana. Panda gurudumu lolote. Kuhusu kile kiti unachokiogopa, mama Nassir amesema mchana ataendelea kuja. Uje hata hivyo. Sitakukoholea makusudi.

Lakini usije hapa kwanza. Shukia Dumila, uchukue gari la Berega. Kaulizie chuo, umwite mdogo wako getini. Atakuamkia, kwa kuwa wewe ni mkubwa wake. Kabla hujamjibu la kwako, mpe la kwangu. Mwambie Baba amelituma, limechelewa siku nyingi, na makosa si ya kondakta.

Mwambie: marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba.

Zihesabu ziwe tatu.

Baba yenu,
Lupakisyo